Nyumba ya Bibi wa Kiswidi na Mahari Yangu

Mume nilimtaka. Naliweka hili mbele ili mtu asije akadhani nilikuwa mmoja wa wale wanawali wanaolia uchumba kana kwamba wanapelekwa machinjoni. Nilimtaka, wallahi, na alipopiga simu nilikuwa nauvuta waya wake mpaka ndani ya kabati la makoti ili mke wa ami yangu asinione ninavyotabasamu peke yangu. Alikuwa kijana wa kwetu Mombasa, mrefu, mpole, aliyekuja Marekani na mamake akaingia jeshini huko huko, fundi wa magari makubwa ya kijeshi. Na jeshi lilikuwa limeshamwambia kwamba kabla majira ya joto hayajaisha atahamia Ujerumani.

Hapo ndipo vurugu ilipoanzia. Watu wake walitaka nikaha ifungwe upesi na mimi nipande ndege pamoja naye. Nami nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja tu nimalize chuo kikuu kule Fairfax, chuo nilichokitolea jasho. Nikiondoka, kwisha, nani aliyewahi kurudi darasani baada ya Ujerumani, mimba na baridi? Nikikataa kuondoka, walisema wazi, basi kijana atatafutiwa mwingine, wasichana hawajaisha Maryland. Nilitaka vyote viwili, mume na shahada, na kila mtu mwenye busara aliniambia nichague kimoja.

Niliishi Bowie kwa ami, ndugu mdogo wa baba, mtu wa ofisi ya serikali aliyekata majani ya uwanja wake kila wikiendi kana kwamba yatakaguliwa. Ndiye aliyekuwa walii wangu kwa niaba ya baba aliyebaki Mombasa. Akaniita sebuleni akaniuliza kama desturi ilivyo: mahari yangu nataka nini? Kwetu mahari ni ya bibi arusi mwenyewe, si ya babake wala ya mjombake, na yeye ndiye anayeitaja. Wengine hutaja dhahabu, wengine msahafu, wengine vyombo vya chumbani. Nilimwambia sijui. Akanipa muda mpaka Jumamosi ambayo watu wa bwana arusi wangekuja kunywa chai. Mkewe alinishauri nitaje bangili tu, nisiwape watu la kusema, akaniongezea na methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwuliza hapo mbacha ni upi na msala ni upi, mume au chuo. Akaendelea kuchambua mchele.

Katikati ya hayo ndipo nilipokutana na Waswidi.

Nilikuwa nachukua semina ya historia ya vita vya Ulaya. Profesa wetu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alimpa kila mwanafunzi familia moja ya kikabaila aichunguze na kuieleza mbele ya wenzake. Wengine walipata Wafaransa, wengine Waingereza. Mimi nikapewa mume na mke wa Sweden, wa karne ya kumi na sita. Nilinuna. Sweden nilikuwa najua magari yake tu.

Kutoka Bowie mpaka Fairfax ilikuwa safari ya mtu na nusu: basi mpaka stesheni ya New Carrollton, kisha treni ya laini ya chungwa kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake, ikipita chini ya Washington nzima, kisha basi jingine. Basi la Bowie likikuacha umekwisha, maana Bowie bila gari wewe ni mfungwa mwenye bustani nzuri. Lakini treni ile ndiyo iliyonipa nafasi ya kusoma, na kabla hatujaingia chini ya ardhi nilikuwa siwezi tena kukiweka kitabu chini.

Hebu sikia. Yule bwana alianza ujana wake akiwa mpanda farasi katika walinzi wa mfalme. Akapanda cheo, akapewa kikosi, kisha akapewa ngome nzima mpakani mwa mashariki, upande wa Warusi, huko ambako ziwa huganda mpaka jeshi linavuka juu yake kwa miguu. Mkewe, binti wa ukoo mkubwa kuliko wa mumewe, hakubaki kwao akifuma. Alimfuata. Alizaa ndani ya ngome ile, kuta zinavuja na moshi umejaa, na baina ya mtoto na mtoto yeye ndiye aliyeshika funguo za ghala. Nafaka, samaki wa chumvi, nyasi za farasi, bia ya askari, vyote vilipita mkononi mwake. Mume akitoka na wapanda farasi wake, waliobaki walipokea amri kwa nani? Kwa bibi. Askari walipocheleweshewa mishahara wakaanza kunung'unika uani, aliyeshuka kuwakabili ni bibi, na mimba yake juu, akawagawia vitambaa vya sufu kutoka sandukuni mwake mpaka wakatulia. Nilikuwa najipiga paja mle ndani ya treni. Bwana mmoja mwenye mkoba akahama kiti.

Kisha vita na Wadani vikawaka. Bwana akaitwa kusini, akapigana, akashindwa, akachukuliwa mateka, na miaka ikapita yuko kifungoni Denmark. Mfalme wao naye, ambaye kila nilivyosoma habari zake nilizidi kuona akili zimemruka, akaanza kumshuku kila mkubwa aliyeshindwa kuwa ni msaliti. Akatuma watu wakamate mali yote ya yule bwana. Mashamba yakachukuliwa, ng'ombe wakachukuliwa. Bibi alikuwa amekwisha hamia na watoto kwenye nyumba moja ya mawe kando ya ziwa. Shemeji yake, ndugu wa mumewe hasa, akamjia kumshauri atoe funguo kwa amani. Weee! Bibi alifunga lango, akawapandisha watumishi wake ukutani na bunduki, akawaambia watu wa mfalme kwamba hawaingii. Na hawakuingia. Walikaa nje siku kadhaa wakipigwa na baridi, wakaondoka zao.

Nilisimama mbele ya darasa nikalisimulia hili kwa mikono miwili, na nakwambia wote waliacha kuandika wakabaki kunitazama. Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho la furaha. Profesa akavaa miwani yake.

"Nyumba ile ilikuwa ya nani?" akaniuliza.

"Ya mumewe," nikasema.

"Basi bibi huyu ni mwasi, na mfalme yule aliwaua watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Mbona huyu alimwacha?"

Nilisema labda alimwonea huruma kwa kuwa ni mwanamke, na maneno hayo yalipotoka kinywani mwangu niliyachukia papo hapo. Profesa hakunifokea. Alisema kuna kitu nimekiruka, akanipa mpaka kipindi kijacho nikitafute. Sasa, haki ya Mungu, nilichokiruka nilikijua. Nilikiruka kwa makusudi.

Kitabu kilisema kwamba asubuhi iliyofuata harusi yao, bwana alimpa bibi zawadi ya asubuhi. Niliposoma maneno hayo tu, uso uliniwaka. Mimi ni mtoto wa Mombasa, mambo ya asubuhi ile nayajua. Somo, yule mama anayemfunda bibi arusi, hutoka chumbani na habari kwamba mwanamwali kakutwa vyema, vigelegele vinapigwa, na bwana arusi anatoa tuzo. Ni furaha ya wanawake wa nyumba ile, si jambo la kusimuliwa mbele ya vijana wa kiume waliovaa kofia za besiboli. Nikaona kumbe Waswidi nao wana yao ya chumbani, nikamsitiri yule bibi kama ambavyo ningemsitiri dada yangu. Kila ukurasa uliotaja zawadi ile niliugeuza haraka, nikaenda moja kwa moja kwenye vita.

Basi nikarudi maktaba. Nikatafuta pembe isiyo na watu, nikazisoma kurasa nilizozikimbia, mkono mmoja shavuni kwa haya. Baada ya kurasa mbili haya ilinitoka, nikavuta kiti karibu. Huenda zamani sana desturi yao ilianzia huko nilikodhania, lakini siku za bibi yule ilikuwa jambo jingine kabisa. Ilikuwa ardhi. Bwana alisimama mbele ya mashahidi, jamaa zake na jamaa za mkewe, akaitaja nyumba na shamba lake, akasema hivi ni vya mke wangu, ili nikifa asiwe mtu wa kuombaomba. Na kilichotajwa asubuhi ile hakikuhesabiwa tena kuwa cha mume. Kosa la mume halikigusi, ndugu wa mume hana neno. Nyumba ya mawe kando ya ziwa ilikuwa ya bibi. Mfalme alikuja kuchukua mali ya msaliti, na pale mali ya msaliti hapakuwa nayo. Hata mwenye wazimu aliijua desturi hiyo.

Nilipiga ukelele mle maktaba. Mkutubi akaja mbio kuniuliza kama niko salama. Nikamwambia ni mahari, ni mahari jamani, naye akaitikia kwa kichwa kwa adabu, maskini, bila kuelewa kitu.

Na kitabu kiliendelea. Bwana alipofunguliwa alirudi Sweden hana shamba, hana farasi, hana cheo. Vyote alivyojiwekea mwenyewe vilikuwa vimekwenda. Alichokuwa amempa mkewe ndicho pekee kilichobaki, na humo ndimo alimolala. Kutoka nyumba hiyo hiyo alikuja kupanda tena farasi chini ya mfalme mwingine, na wanawe wakatoka humo kwenda jeshini. Nilikisoma kipande hicho tena ndani ya treni, na tulipofika New Carrollton nilikuwa nimeshajua nitakachomjibu ami.

Kwanza nilimsimulia mkewe nilivyomsitiri bibi wa Kiswidi. Alicheka mpaka akakaa chini, akijifuta macho kwa leso, akisema mimi ni mshamba wa mjini. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia mahari yangu nataka gari. Kicheko kikakatika.

Gari, nikamwambia, liandikwe kwa jina langu, na yeye kijana mwenyewe anifundishe kuliendesha kabla hajaondoka. Nitabaki hapa kwa ami mwaka mmoja. Nitakwenda Fairfax na kurudi kwa gari langu, bila kumwomba mtu na bila kukimbizana na basi. Jumapili nitakwenda kumwangalia mamake kule Riverdale Park. Nikimaliza nitapanda ndege nimfuate mume wangu na shahada yangu mkononi. Ami alipoelezwa alikuna kichwa kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kisheria halina tatizo, gari ni mali na mahari ni mali, tatizo ni midomo ya watu. Nikamwambia midomo nitaijibu mimi. Akasema hilo ndilo analoliogopa.

Darasani nilikwenda nikaeleza. Niliwaeleza zawadi ya asubuhi kwa kuwaeleza mahari, na yule bibi akawa si mwasi tena bali mtu anayelinda chake. Profesa alivua miwani akasema, hilo ndilo. Kwa mama yule aliyebana maneno, hiyo ilikuwa ngoma na tarumbeta. Nilitoka pale sihisi ardhi.

Jumamosi ikafika. Wanaume walikaa sebuleni: ami, bwana arusi, na mjomba wa bwana arusi, mtu mnene mwenye kicheko cha kujaza nyumba. Wanawake tulikuwa jikoni, mlango uko wazi, tunakaanga viazi karai. Mavyaa, ndivyo tunavyomwita mama wa mume, alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na viatu vyake vyeupe chini ya buibui. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye kukutazama kama anayetafuta doa kwenye sahani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia sana.

Tukasikia ami akikohoa. Akaitaja mahari, na kwamba nitabaki mwaka mmoja nimalize chuo ndipo nimfuate mume. Mjomba akaangua kicheko, akasema tangu azaliwe hajasikia, na akauliza mwanamke mwenye gari lake mumewe atamtafutia wapi. Nilitega sikio niisikie sauti ya kijana wangu. Sikuisikia. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Mavyaa aliweka kikombe mezani. "Mwanangu anaoa," akasema taratibu, "au anatiwa mtegoni?"

Mke wa ami alinifinya pajani chini ya meza. Lakini mdomo wangu mimi haujapata kujua kufinywa. Nikamwambia, mama, nipe ruhusa nikusimulie habari ya bibi mmoja, ukimaliza kusikia useme utakalo. Akainua bega. Nikaanza. Nikamwelezea ngome ya mpakani, funguo za ghala, askari waliotulizwa kwa sufu. Alikuwa akitazama dirishani. Mke wa ami alikuwa anavigeuza viazi visivyohitaji kugeuzwa. Nikafika kwa mume aliyetekwa, mali iliyokamatwa, shemeji aliyekuja kutaka funguo, na hapo mavyaa akageuza uso akaniangalia sawasawa kwa mara ya kwanza.

"Shemeji yake mwenyewe?" akauliza.

"Ndugu wa mumewe, mama. Baba mmoja, mama mmoja."

Akanipa ishara niendelee. Nikamweleza zawadi ya asubuhi, lango lililofungwa, mfalme aliyeshindwa, na mume aliyerudi mikono mitupu akapokelewa kwenye nyumba aliyokuwa ameitoa. Hapo maneno yakawa yamekwisha. Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye karai. Nilijiona nimemkosa, nimempoteza kijana wa watu kwa ajili ya Waswidi waliokufa zamani, na machozi yalianza kunichoma.

Mavyaa alijifunga mtandio wake vizuri. Kwetu mke husifiwa akimsamehe mumewe mahari. Naye aliliangalia karai, si mimi, akasema yeye yake alimsamehe babake huyu kijana mwezi ule ule wa harusi, kila kitu, na mama zake wakamwombea dua kwa wema huo. Alisema nyumba waliyoishi ilikuwa ya ukoo wa mumewe. Mume alipokufa, shemeji zake walimwachia amalize eda, wala hawakumsumbua, watu wa dini wale. Siku eda ilipokwisha wakampelekea mkokoteni wa kubebea vitu vyake. Alisema vitu vyenyewe havikujaza mkokoteni. Aliyasema haya kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, na mke wa ami akazima jiko.

Kisha akainuka, akaenda akasimama mlangoni mwa sebule kwa viatu vyake vyeupe. Mjomba alikuwa bado anacheka. Kicheko kikafa.

"Mwanangu," akasema, "mwache amalize chuo, na mpe gari lake. Na liandikwe jina lake kabla ya nikaha, si baada. Wewe ni askari. Siku ukirudi huna kitu, angalau utajua pa kugonga."

"Sawa, mama," akajibu yule bubu wangu, upesi mno mpaka ami akacheka. Kumbe kijana alikuwa anangoja mkubwa mmoja tu amfungulie njia, maana kwao mdogo hasemi mbele ya mjombake. Mimi jikoni nilikuwa nimemkumbatia mke wa ami, tunarukaruka pamoja, yeye na kijiko chake cha mafuta.

Gari lilikuja. Lilikuwa zee la Kijapani, kijani, mlango mmoja mweupe, na kila nati ndani yake aliikaza yeye mwenyewe. Alinifundisha kwenye uwanja mtupu wa maegesho, na alinifokea mara moja tu, nilipoligeuza gari kumfuata kunguru. Nikaha ikafungwa, akaenda Ujerumani, na mwaka ule nikaumaliza, Bowie hadi Fairfax na kurudi, redio juu, nikiimba peke yangu barabarani katikati ya malori.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Alasiri ile ya viazi, wanaume walipokwisha soma fatiha, mavyaa alirudi jikoni akakaa mahali pake akavuta kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa. Nilitaka kummiminia nyingine, akanizuia kwa mkono.

"Yule bibi," akaniuliza, "mumewe aliporudi, alimfungulia lango mara moja?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Alimfungulia," akasema mavyaa. "Ila alimsubirisha kidogo."